Gego la Kunigunda na Vigelegele vya Harusi

Pale Kingerikiti, ukitaka kujua kama jambo limekuwa jema, huna haja ya kuuliza mtu. Subiri Kunigunda apige vigelegele. Mtoto akibatizwa, anapiga. Ng'ombe wa jirani akizaa salama, anapiga. Kahawa ikipata bei ya kueleweka, anapiga mpaka walioko bondeni wanaacha majembe kwenye ngoro, yale mashimo yao ya kulimia, na kunyanyua vichwa. Paroko mmoja wa zamani aliwahi kumwomba, kwa upole wote aliojaliwa na Mungu, awe anangoja mageuzo ya misa yaishe ndipo ashangilie. Kunigunda akatii. Jumapili iliyofuata alingoja, na kile chote alichokuwa amekibana akakitoa wakati wa matangazo, katibu wa parokia akiwa anasoma habari za ukarabati wa choo.

Mumewe, Xaveri, ni mkulima wa kahawa na mtu wa maneno machache. Majirani husema siku sauti zilipogawiwa kwenye nyumba ile, Kunigunda aliwahi mlangoni akapokea za wote. Binti yao, Gaudiosa, alifuata upande wa baba. Tangu utotoni, mama yake akianza tu kuvuta pumzi ile ndefu kanisani, yeye alishajua kinachofuata, akawa anajisogeza nyuma ya nguzo.

"Nimezaa bubu," Kunigunda alikuwa akilalamika kwa yeyote atakayesikiliza. "Nikifa mimi, vigelegele hivi navyo vinazikwa."

Gaudiosa alikuwa akitabasamu na kuendelea kuchambua maharage.

Mimba ya kumzaa Gaudiosa ndiyo iliyompeleka Kunigunda kliniki, na huko kliniki ndiko alikopimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI. Miaka ile habari hiyo watu waliipokea kama tangazo la msiba ambao tarehe yake bado. Shangazi mmoja wa ukoo, ambaye yu hai mpaka leo na ndiyo sababu hatajwi jina hapa, alimshauri asijisumbue kununua nguo za mtoto. Kunigunda alimeza dawa alizopewa, akajifungua, akanyonyesha kama alivyoelekezwa. Siku majibu ya mwisho ya mtoto yalipotoka na kuonyesha kwamba hana virusi, alipiga vigelegele kwenye korido ya kliniki mpaka mganga akatoka mbio kuuliza nani amekufa. Hapo hapo, mtoto akiwa mgongoni, aliapa kwamba ataishi mpaka ampigie huyu vigelegele vya harusi yake. Waliosikia walimhurumia.

Basi, akaishi. Dawa zake alizipa jina la "mwenye nyumba", kwa sababu kila jioni lazima mwenye nyumba apewe chake kwanza ndipo wengine wale. Vipimo vimekuwa vikisema virusi vimefubaa kiasi kwamba hata havionekani. Alijiunga na kikundi cha wanaoishi na virusi, na yeye ndiye anayekabidhiwa akina mama wapya wanaokuja wakilia. Somo lake kwao ni moja tu: usijifiche, kujificha kunachosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Na somo hilo yeye alilishika mpaka likapitiliza. Wakwe kutoka Lituhi walipopanda milima kuja kumposa Gaudiosa kwa ajili ya kijana wao Stephano, aliwaambia hali yake kabla soda hazijafunguliwa, ili anayetaka kukimbia akimbie na kiu yake. Hakukimbia mtu. Theodosia, mama wa kijana, mwanamke mpana wa ziwani anayeuza dagaa wa usipa, alisema tu, "Mkwe, sisi tumekuja kuoa, hatukuja kupima," akaomba Fanta.

Kunigunda akampenda hapo hapo. Lakini kumpenda mtu hakukuzuii kutaka kumshinda. Katika ukoo wa kina Kunigunda, siku ya harusi wakwe hufika asubuhi na kusimama nje ya mlango uliofungwa, wakapiga vigelegele. Mlango haufunguliwi mpaka wa ndani wajibu, na anayejibu ni mama mzazi wa binti. Majibu yakiwa hafifu, wakwe huimba njia nzima kwamba wameokota bibi harusi kwenye nyumba iliyozimika jiko. Na wanawake wa ziwani wana mapafu, hilo kila mtu wa milimani analijua hata kama hapendi kulikiri. Kunigunda alikuwa akiingoja asubuhi hiyo tangu siku ile ya korido.

Ndipo gego likaamka.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto, lililotoboka zamani na kukaa kimya kama mdai anayekusubiri uvae nguo mpya. Kunigunda akalibana karafuu. Akasukutua maji ya chumvi. Akajaribu hata tumbaku ya Xaveri, ambayo haikusaidia jino ila ilimpa kizunguzungu akaangusha sufuria. Siku moja akajipenyeza katikati ya mikahawa ya shambani, akavuta pumzi yake ndefu, akajaribu sauti. Upepo ukaingia kwenye tundu la jino, na kilichotoka kilikuwa mlio wa kuku aliyekanyagwa. Akakaa chini palepale, shavu mkononi, akalia. Maumivu aliyajua, alishapita makubwa zaidi. Alichokuwa akikililia ni kiapo chake.

Nyumba ikawa kimya. Majirani mwanzoni walishukuru. Baadaye wakaanza kuulizana kama kuna mgonjwa mahututi. Xaveri, ambaye maisha yake yote ya ndoa alitamani siku moja ya utulivu, alipozipata hizo siku alionekana akizungukazunguka uani kama aliyepoteza panga.

"Piga hata kidogo tu," alimwambia mkewe jioni moja.

Kunigunda alimtazama kwa jicho ambalo Xaveri alilielewa vizuri, akarudi kwenye mikahawa yake.

Wakati huo harusi ilikuwa bado wiki kadhaa. Kunigunda akasafiri hadi upande wa Mbinga, kwenye kliniki moja ya meno ambayo jina lake tuliache, maana mambo yenyewe yamekwisha na hakuna anayetaka kesi. Daktari wa meno pale aliitwa Clemence, kijana nadhifu mwenye mkono mwepesi. Watu walimsifu kwamba anang'oa jino huku wewe ukiendelea kumsimulia habari za shamba. Kunigunda akaketi kwenye kiti, akaegemea, akafumbua mdomo.

"Mama, una ugonjwa wowote? Presha, sukari?" Clemence akauliza, kama anavyouliza kila mtu.

"Presha sina, sukari sina, virusi ninavyo, vimelala. Ng'oa, mwanangu."

Mkono wa Clemence, uliokuwa umekwisha kufika shavuni, ukarudi nyuma. Akatazama trei ya vifaa, akamtazama mama, akatazama tena trei.

"Ungesubiri nje kidogo, mama. Wewe utakuwa wa mwisho. Ni kwa ajili ya vifaa, unaelewa."

Akamwonyesha kigoda chini ya dirisha, mbali na benchi la wenzake, kando ya ndoo ya kudekia. Kunigunda akaenda kukaa. Watu wakaingia na kutoka, waliofika baada yake na waliofika baada ya hao. Zamu yake ilipofika, Clemence akatoka akivua koti. Dawa ya kusafishia imeisha, akasema bila kumtazama usoni, mama arudi wiki ijayo.

Wiki iliyofuata akarudi. Kigoda kilikuwa palepale, na ndoo pia. Safari hii dawa ya kusafishia ilikuwepo, ila umeme ukakatika mchana, na aliyekuwa wa mwisho akawa wa mwisho kweli.

Kunigunda ni mtu wa utani, na ukimsikiliza akisimulia habari za kigoda kile utavunjika mbavu. Anakuambia alivyofahamiana na ndoo ile mpaka wakawa kama mtu na dada yake. Lakini pale penyewe hakuwa akicheka. Alikuwa akiona aibu, aibu ile ile ya miaka ya kwanza, ya kikombe chake kuwekwa peke yake juu ya dirisha, na alidhani ilishakufa. Alishangaa kuikuta ni nzima na ina nguvu zake. Akaichukia, na akamchukia kidogo na yule kijana nadhifu aliyemwamshia.

Nyumbani, Xaveri alisema maneno mengi kuliko alivyosema mwaka mzima. "Nenda kliniki nyingine. Songea ziko. Wakikuuliza ugonjwa, sema huna. Nani atakujua? Wang'oe, urudi, umwoze mtoto."

Ushauri ulikuwa na akili. Kunigunda akaukubali, kwa ajili ya Gaudiosa. Asubuhi akashika njia ya shambani akijifunza maneno: Sina ugonjwa wowote. Sina ugonjwa wowote, daktari. Alifika mwisho wa mikahawa na maneno hayajakaa mdomoni. Aliwakumbuka akina mama wa kikundi, mmojawapo akiwa ndiyo kwanza ameanza kutembea bila kujifunika uso kwa kanga. Angerudi kwao na jino limetoka, awaambie nini? Akarudi nyumbani, akamwambia mumewe kwamba ataenda kwa Clemence yule yule, na atasema yale yale. Xaveri alikuwa amekwisha kumaliza akiba yake ya maneno, akamfungia viazi vya njiani.

Ilikuwa Jumatatu, na harusi ni Jumamosi ya wiki hiyo. Kunigunda alilala mjini kwa ndugu ili awahi, akafika kliniki alfajiri, kabla hata ya mfagizi. Clemence alipofungua mlango alimtambua mara moja. Nani amsahau? Akanyoosha kidole kwenye kigoda. Kunigunda akaenda, shavu limevimba, akaisalimu ndoo.

Benchi likajaa. Miongoni mwao alikuwepo Mzee Rogasian, katekista wa kigango cha huko kwao, mwenye jino la mbele linalocheza, na mama mmoja mchuuzi wa ndizi, Luisa, ambaye alikuwa ameshika shavu kwa mkono mmoja na kuhesabu rozari kwa mwingine.

"Kunigunda," katekista akaita, "mbona umejitenga? Umegombana na benchi?"

"Shikamoo baba katekista. Sijagombana na mtu. Mimi ni wa mwisho."

"Marahaba. Wa mwisho vipi? Si nimekukuta hapa?"

"Ni virusi vyangu, baba. Daktari anasema nikiwa wa mwisho, vyombo vikishatoka mdomoni mwangu atapata nafasi ya kuvisafisha kwa uhakika. Kwa hiyo hapa nangoja usafi wa uhakika."

Alisema kwa utani tu, kujipunguzia maumivu. Mzee Rogasian akacheka. Halafu kicheko kikamkatikia katikati, akabaki mdomo wazi, jino lile likining'inia.

"Usafi wa uhakika," akarudia polepole. "Na vya kwangu mimi?"

"Vya kwako ni vya kawaida, baba. Wewe si mzima?"

Luisa akaacha rozari. Akamgeukia mwanamume aliyekuwa ametoka ndani muda huo huo na pamba mdomoni. "Eti kaka, wewe vyombo vyako vimesafishwa kwa uhakika au kwa kawaida?"

Yule kaka hakuweza kujibu kwa sababu ya pamba, lakini alijishika shavu kwa mikono yote miwili. Benchi zima likaanza kutazamana midomo. Kila mtu alikuwa akijaribu kukumbuka nani aliingia kabla ya nani, na huyo aliyeingia kabla ana sura gani.

"Anayefuata!" Clemence akaita kutoka ndani.

Mzee Rogasian akaingia na kuuacha mlango wazi, ili kila mtu asikie.

"Mzee wangu, una ugonjwa wowote? Presha, sukari?"

"Ninao."

"Upi?"

"Virusi. Vya Kunigunda."

Nje, mtu mmoja akasema Yesu na Maria. Clemence akauliza, "Tangu lini, mzee?"

"Tangu nilipokaa kwenye lile benchi. Nipe vyombo vya Kunigunda na usafi wa Kunigunda. Kuhusu uongo wangu usihangaike, nitaungama Jumamosi."

"Na mimi ninavyo!" Luisa akapaza sauti kutoka mlangoni.

"Na mimi," akasema mwingine. "Mimi ninavyo kuliko huyu." Yule kaka wa pamba akaitoa pamba yake ili adai kwamba arudishiwe jino, waanze upya kwa vyombo vya uhakika. Wakasukumana mlangoni, kila mmoja akiapa kuwa ni mgonjwa kuliko mwenzake. Kunigunda akabaki kigodani akiwatazama. Maisha yake yote alikuwa ameona watu wakiukimbia ugonjwa ule. Kuona foleni ikiugombania, hilo lilikuwa jipya, na kama jino lingemruhusu angecheka mpaka adondoke.

Clemence akatoka, jasho linamtiririka, barakoa imeshuka kidevuni.

"Jamani! Jamani, nisikilizeni! Hakuna usafi wa Kunigunda hapa! Vifaa vyote vinatakaswa sawasawa, njooni muone mashine. Kila mgonjwa anafunguliwa pakiti yake. Kila mgonjwa glavu zake, mpya. Mimi kila anayeketi kwenye kiti kile namchukulia kwamba huenda anavyo, kwa sababu virusi havionekani usoni. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo ninavyofanya. Usafi ni mmoja!"

Aliwaonyesha kweli. Mashine ilikuwepo, pakiti zilikuwepo zimepangwa vizuri, na kijana wa watu hakuwa mwongo wala mchafu. Benchi likashusha pumzi.

"Sasa mwanangu," Kunigunda akasema kutoka kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Kingerikiti alisema kwa sauti ndogo, "kama usafi ni mmoja, mimi nilikuwa nangoja nini?"

Clemence hakuwa na mahali pa kukimbilia, alikuwa ameziba milango yote mwenyewe, kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi. Luisa, ambaye naye wiki iliyopita alikuwa amekuja na kumwona mama huyu kando ya ndoo, akamnunia yule kijana, kisha akakumbuka kwamba hata yeye hakuuliza kitu, akatazama chini. Mzee Rogasian akavua kofia.

"Leo nani alikuwa wa kwanza kufika?" Clemence akauliza.

Benchi zima likamwonyesha Kunigunda.

Ndani, kijana akavaa glavu, na juu ya glavu akaanza kuvaa nyingine. "Ukinivalia mbili," Kunigunda akamwonya, "katekista atataka nne." Clemence akaivua ya juu, akacheka kidogo, cheko la aibu. Akamchoma ganzi. Na ganzi ilipoanza kushika, mdomo ukawa mzito, ulimi ukalala, na mwanamke ambaye hajawahi kumwachia mtu nafasi ya kuzungumza akalazimika kusikiliza.

Clemence ndiye aliyezungumza. Alisema kwamba mwaka wa kwanza wa kazi alijichoma sindano iliyotoka mdomoni mwa mgonjwa. Akameza dawa za kinga mwezi mzima, akitapika, halali usingizi, hajamwambia hata mama yake. Tangu hapo, mtu akitaja virusi, mikono inarudi nyuma yenyewe. "Na yule mgonjwa," akaendelea, akipanga koleo, "nilikuwa nimemuuliza kabla. Akasema hana ugonjwa wowote."

Alikuwa amelisikia alilolisema. Kunigunda hakuweza kutamka kitu, alinyanyua nyusi tu, na zilitosha.

Gego likatoka kwa mkupuo mmoja. Mkono ulikuwa mwepesi kweli, wasifiaji hawakukosea. Clemence akamwekea pamba, akaanza kumpa masharti: leo asisukutue, asiteme kwa nguvu, asinywe kitu kwa mrija. "Na wiki hii yote usipaze sauti, mama. Usiimbe, usipige vigelegele. Damu iliyoganda ikitoka kwenye tundu, utaumwa kuliko ulivyoumwa na jino."

Macho ya Kunigunda yakajaa machozi. Kijana akadhani ni maumivu, akauliza kama aongeze ganzi. Kwa ulimi uliolala, Kunigunda akajikamua, neno moja moja: binti, harusi, Jumamosi.

Clemence akaweka koleo mezani taratibu. Hakuna aliyemlazimisha kusema alichosema. "Ningekung'oa siku ile ya kwanza, ungekuwa umeshapona." Akavua glavu. "Mama, nimekukosea. Nisamehe."

Kunigunda akamwangalia. Alikuwa na mengi ya kumwambia, tena alikuwa ameyapanga vizuri kigodani kwa wiki zote zile. Badala yake akampigapiga shavu, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akatoka. Luisa anasema alipokuja tena kung'oa la pili, alikuta kigoda kimesogezwa kwenye benchi na watu wanakikalia kwa zamu, na ndoo imewekwa stoo.

Jumamosi ikafika. Kunigunda alikuwa amefunga kitenge kipya na amefunga mdomo. Habari ya masharti ya daktari ilikuwa imeenea, na Xaveri alipewa kazi ya kumlinda. Kazi hiyo aliifanya kwa kumtazama tu kwa wasiwasi. Ndani ya nyumba walikuwepo mashangazi, pamoja na yule wa nguo za mtoto, amekaa mbele kabisa, kavaa vizuri. Gaudiosa aliketi katikati yao kafunikwa shela, macho chini, kama inavyotakiwa.

Wakwe wakafika. Vigelegele vya ziwani vikapanda mlima na kugonga mlango mpaka bati likatetemeka. Theodosia alikuwa mbele, na alikuwa amejiandaa. Walipiga, wakanyamaza, wakangoja jibu.

Ndani kimya. Mashangazi wakatazamana. Mmoja akajaribu, akatoa kitu kama kikohozi. Nje wakaanza kucheka, na mwimbaji wao akakohoa kusafisha koo tayari kwa ule wimbo wa jiko lililozimika.

Kunigunda alimkumbuka mtoto mgongoni, na korido, na kiapo. Akaamua tundu litoke damu likitaka. Akavuta pumzi yake ndefu.

Na Gaudiosa, ambaye tangu utotoni aliijua pumzi ile kuliko mtu yeyote duniani, akainuka. Safari hii hakutafuta nguzo. Akamfuata mama yake, akamziba mdomo kwa kiganja, akafunua shela kwa mkono wa pili, akapiga.

Sauti ilianza kwa kukwaruza, maana ilikuwa haijawahi kutumika. Halafu ikapanda. Ikapita dari, ikapita mikahawa, ikashuka bondeni, na mbwa wote wa Kingerikiti wakaitika, kwa sababu waliitambua. Xaveri akaangusha kikombe. Wakulima bondeni waliambiana kwamba Kunigunda amepona.

Mlango ukafunguliwa. Theodosia akaingia moja kwa moja, mkono wa pongezi umenyooshwa kwa mkwe wake, akamkuta amezibwa mdomo. Akamtazama mama, akamtazama bibi harusi aliyekuwa bado anahema. Kisha akamgeukia mwanawe mlangoni.

"Stephano, ni huyu? Huyu ndiye tunayempeleka nyumbani? Na nyumba yetu ilivyo ndogo!"

Wote wakaangua kicheko, hata shangazi. Kunigunda peke yake hakucheka. Nyuma ya kiganja cha binti yake alikuwa analia, na alilia mdomo umefumbwa, kama daktari alivyoagiza.